Kisiwa cha CpG kinapotoa majibu ya ajabu: dalili, visababishi na marekebisho ya kipimo cha methili kwa bisulfaiti

Jenomu ya binadamu ina takriban CpG milioni 28, yaani mahali ambapo sitosini inafuatwa na guanini kwenye uzi uleule wa DNA. Asilimia 70 hadi 80 ya hizo hubeba methili, yaani kundi dogo la kemikali (CH3) lililobandikwa kwenye sitosini. Visiwa vya CpG huenda kinyume na mkondo huo: CpG zake zimesongamana, vingi vimekaa kwenye promota za jeni (sehemu za DNA zinazoanzisha usomaji wa jeni), na katika seli ya kawaida vingi havina methili kabisa. Ukikuta kisiwa kimejaa methili, usikimbilie kusema jeni imezimwa. Anza kwa kuishuku kemia yako.

Kabla ya dalili yoyote: zisome sitosini zilizo nje ya CpG

Bisulfaiti huigeuza sitosini isiyo na methili kuwa urasili, na PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) huisoma urasili kama thimini. Sitosini yenye methili hubaki C. Kwa kuwa katika seli nyingi za mamalia methili hukaa kwenye CpG tu, C iliyo nje ya CpG haina kisingizio, ni lazima igeuke. Tazama kipande hiki:

Asili: ACCGTCATCGGACT
CpG zote mbili zina methili, kemia nzuri: ATCGTTATCGGATT
CpG zote mbili hazina methili, kemia nzuri: ATTGTTATTGGATT
Kemia mbovu: ACCGTCATCGGATT

Katika mstari wa mwisho, C ya besi ya pili na C ya besi ya sita zimebaki ingawa haziko kwenye CpG. Basi hata zile C mbili za kwenye CpG huwezi kuziamini, kwani huenda zimebaki kwa uzembe uleule. Hesabu sitosini zote zilizo nje ya CpG, angalia ni ngapi zimekuwa T. Chini ya asilimia 98, usiendelee na tafsiri yoyote. Kwa kazi ya jenomu nzima dai asilimia 99 na zaidi, kwa sababu kosa la asilimia 2 likizidishwa kwa mamilioni ya CpG hutengeneza methili hewa nyingi mno.

Kuna tofauti mbili. Niuroni za ubongo wa mtu mzima na seli shina za kiinitete zina methili halali nje ya CpG, hasa kwenye CpA, hivyo kipimo hiki kitakudanganya. Kwa sampuli hizo changanya kiasi kidogo cha DNA ya virusi lambda isiyo na methili kabla ya kugeuza, kisha pima ugeuzaji kwenye lambda.

Kila safari, yaani kila duru ya kipimo, beba violezo (DNA za kunakiliwa) vya kulinganishia: DNA iliyotiwa methili yote, DNA isiyo na methili (iliyokuzwa kwa kimeng'enya maabara, maana ukuzaji hauhamishi methili), DNA ambayo haikugeuzwa kabisa, na maji matupu. Anayeruka hivi ili kuokoa vijichupa vinne hupoteza wiki nne.

Dalili: DNA haionekani baada ya kugeuzwa

Mara nyingi ipo. Baada ya bisulfaiti nyuzi mbili hazilingani tena, kwa hiyo DNA hubaki uzi mmoja mmoja. Ukiipima kwenye spektrofotomita kwa mpangilio wa DNA ya nyuzi mbili, namba itakuwa ya uongo. Tumia mpangilio wa RNA, yaani mikrogramu 40 kwa mililita kwa kila kizio cha A260. Rangi za mwanga zinazoshika nyuzi mbili tu karibu hazitaona kitu. Kwenye jeli ya agarosi yenye ethidiamu bromaidi utaona giza. Laza jeli juu ya barafu dakika chache kisha itazame upesi, ukungu utajitokeza, kwa kawaida kuanzia besi 100 hadi 1,500. Vaa glavu, rangi hiyo inashambulia DNA yako pia.

Kama barafu haikuonyesha kitu, angalia kama ethanoli iliongezwa kwenye chupa ya bafa ya kuoshea. Chupa nyingi huja bila ethanoli, na kila maabara ina mtu ambaye amewahi kuisahau. Bila ethanoli, DNA inaondoka na maji ya kuoshea.

Sababu ya tatu ni uharibifu halisi. Tindikali pamoja na joto hung'oa besi na kukata uzi. Kuharibika kwa asilimia 90 ya DNA hakushangazi kwa njia ya saa nyingi. Anza na nanogramu 200 hadi 500 kama sampuli inaruhusu, na usiongeze muda kiholela ukidhani unaboresha ugeuzaji.

Dalili: PCR haitoi bendi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Fuata mpangilio huu, kwa sababu mambo ya mwanzo hugharimu dakika tu.

Kipande ni kirefu mno. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) zilizofanya kazi kwa besi 600 kwenye DNA ya kawaida hazitafanya kazi hapa. Lenga besi 150 hadi 300. Kwa tishu zilizohifadhiwa kwenye formalini na nta, shuka chini ya 150.

Polimerasi haipendi urasili. Vimeng'enya vingi vinavyosahihisha makosa, vya ukoo wa Pfu, hukwama vikikutana na urasili kwenye kiolezo. Tumia Taq inayoamshwa kwa joto, au toleo lililorekebishwa kwa ajili ya urasili. Mtego mbaya zaidi ni mchanganyiko wa PCR uliotiwa glikosilasi ya urasili ili kuzuia uchafuzi wa bidhaa za zamani: huo unatafuta urasili na kuing'oa, na kiolezo chako chote ni urasili. Soma karatasi ya maelezo ya mchanganyiko kabla ya kulaumu praima.

Praima zimeundwa vibaya. Praima nzuri ya bisulfaiti ina besi 26 hadi 30, kwa kuwa DNA iliyogeuzwa imebaki na herufi tatu tu na praima fupi hupata mahali pengi pa kukaa. Iwe na T kadhaa zilizotokana na sitosini za nje ya CpG, hasa karibu na mwisho wa 3', ili isishike DNA ambayo haikugeuka. Isipite juu ya CpG. Ikishindikana, CpG iwe moja tu, upande wa 5', na mahali pa C weka Y, yaani C au T (au R, yaani G au A, kwenye praima ya upande wa pili). Wengi huchora praima zote mbili kutoka kwenye uzi wa juu na uzi wa chini uliogeuzwa. Hazitakutana kamwe. Chagua uzi mmoja, ugeuze kwenye karatasi, uandike uzi unaoukamilisha, kisha chora praima zote mbili humo.

Kuondoa salfonati hakukukamilika. Bisulfaiti huacha kundi la salfonati kwenye urasili, na polimerasi hugonga mwamba hapo. Sodiamu haidroksaidi ya takriban molari 0.3 kwa dakika 15 hadi 20 katika joto la chumba huliondoa. Suluhisho lililokaa wazi miezi hunywa kaboni dioksaidi ya hewani na kupungua nguvu, kwa hiyo tengeneza jipya. Dalili ya kosa hili ni kwamba hata kiolezo cha methili yote na kile kisicho na methili vyote vimekataa, ilhali praima hizo zilikuwa zikifanya kazi kwenye safari zilizopita.

Yote yakikataa, weka mizunguko 35 hadi 40, jaribu ngazi ya joto la kushikana kati ya nyuzi 50 na 62, halafu fikiria PCR ya hatua mbili yenye praima ya ndani. Hatua mbili huongeza uchafuzi. Kijichupa cha maji kikitoa bendi, tupa safari nzima.

Bendi zikiwa nyingi, tazama kama praima imeangukia kwenye mfuatano wa Alu, kipande kifupi cha DNA kinachojirudia mahali pengi kwenye jenomu. Binadamu ana nakala zaidi ya milioni moja za Alu, nazo zina CpG nyingi, kiasi kwamba kipimo cha zamani cha kisiwa (besi 200, GC zaidi ya asilimia 50, uwiano wa CpG zilizopo na zinazotarajiwa zaidi ya 0.6) huzihesabu baadhi yake kama visiwa. Kipimo kikali cha mwaka 2002 kinadai besi 500, GC asilimia 55 na uwiano 0.65, na Alu nyingi huachwa nje. Kama "kisiwa" chako kinapita kipimo cha kwanza tu, huenda hakikuwa kisiwa.

Dalili: kila kitu kinaonekana kina methili

C zimebaki kila mahali, hata nje ya CpG. Angalia namna zilivyobaki, kwa sababu inakwambia kosa liko wapi.

Kama molekuli moja imebaki na C zake zote huku jirani yake imegeuka vizuri, nyuzi hazikuachana. Bisulfaiti hushambulia uzi mmoja peke yake. Mahali nyuzi zimeshikana haiingii. Visiwa vya CpG, kwa wingi wa GC, ndivyo vigumu kutengana na ndivyo vya kwanza kurudiana, na chumvi nyingi ya bisulfaiti husaidia kurudiana huko. Matokeo yake ni kinaya: sehemu unayoitaka zaidi ndiyo inayodanganya zaidi. Kata DNA kwanza kwa kimeng'enya kisichogusa kipande chako, ichemshe nyuzi 95, na tumia mzunguko wa joto unaorudia kutenganisha katikati ya ugeuzaji. Kama DNA ilikuwa na protini iliyoganda juu yake, rudia hatua ya proteinasi K; protini hukamata nyuzi kama gundi.

Kama C zimebaki moja moja, zimetawanyika, dawa ni dhaifu au muda ni mfupi. Bisulfaiti huoksidishwa na hewa. Suluhisho la pH 5.0 litengenezwe siku hiyohiyo, lijazwe hadi karibu na mdomo wa kijichupa, likae gizani. Haidrokwinoni huwekwa kulinda dhidi ya oksijeni; ikishabadilika kuwa kahawia iliyokolea, imekwisha kazi.

Kama C za nje ya CpG zimegeuka zote na C za CpG zimebaki, hapo kemia imesema kweli na methili ipo. Au ipo haidroksimethili: bisulfaiti haiwezi kuzitofautisha. Kwenye ubongo, ambako haidroksimethili ni nyingi, usiandike "methili" bila kipimo kinachozitenganisha, mfano kile kinachooksidisha DNA kabla ya bisulfaiti.

Wanaotumia PCR yenye jozi mbili za praima, moja ya methili na nyingine ya bila methili, wana hatari zaidi, maana hawaoni C za nje ya CpG. Weka DNA isiyogeuzwa kama kiolezo. Jozi ya "methili" ikitoa bendi hapo, inakuza DNA iliyoshindwa kugeuka na majibu yako yote yana shaka.

> Simama hapa. Bisulfaiti ikikutana na tindikali hutoa gesi ya salfa dioksaidi, inayobana kifua. Kwa mwenye pumu inaweza kuwa dharura. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvutia mvuke. Ukisikia harufu kali ya kiberiti, au chupa ikimwagika nje ya kabati, usijaribu kufuta: toka, funga mlango, mwite afisa usalama wa maabara.

Dalili: sampuli mchanganyiko inatoa methili kidogo kuliko inavyopaswa

Umechanganya nusu kwa nusu DNA yenye methili na isiyo nayo, ukategemea 50, ukapata 20. Huu ni upendeleo wa PCR. Nyuzi zisizo na methili zimejaa T, huyeyuka kirahisi, na polimerasi huzipitia haraka. Zenye methili zimebaki na GC na hujikunja. Kwa mizunguko 40 tofauti ndogo inakuwa kubwa.

Chora mstari wa vipimo: asilimia 0, 25, 50, 75, 100. Ukipinda, pandisha joto la kushikana nyuzi moja moja. Mara nyingi nyuzi mbili au tatu zinatosha kuunyoosha. Punguza mizunguko. Ikishindikana, chora praima upya. Kusahihisha kwa hesabu ya mstari uliopinda kunakubalika tu kama mstari huo hurudi vilevile kila safari.

Dalili: kiolezo cha methili yote kinasoma 80

Kimeng'enya M.SssI, kinachotia methili kwenye CpG, kinahitaji S-adenosilimethionini, kwa kifupi SAM, nayo huoza haraka kwenye nyuzi 37. Weka mikromolari 160, endesha saa nne, ongeza SAM mpya katikati. Kabla ya kugeuza, kata sehemu ya DNA hiyo kwa kimeng'enya HpaII na sehemu nyingine kwa kimeng'enya MspI. Zote hutambua CCGG, lakini HpaII huzuiwa na methili ya C ya ndani na MspI haijali. HpaII ikikata, rudia kutia methili.

Ikiwa HpaII haikukata na bado unasoma 80, sogea kwenye kosa la upande wa pili: bisulfaiti iliyokaa muda mrefu mno huanza kugeuza hata sitosini yenye methili.

Dalili: CpG zimeganda kwenye asilimia 50

Kabla ya kuita ni hitilafu, uliza maswali matatu.

Sampuli ni ya jike au dume? Jike wa mamalia huzima kromosomu X moja, na visiwa vingi kwenye X iliyozimwa vina methili. Kisiwa cha X kwa mwanamke kikisoma karibu 50, ni sawasawa. Kwa mwanamume tegemea karibu sifuri.

Jeni ina chapa ya mzazi? Sehemu inayodhibiti H19 na IGF2, au promota ya SNRPN, hubeba methili kwenye nakala ya mzazi mmoja tu. Usipopata 50 hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Ni CpG moja tu iliyoganda, majirani zake zote ziko 0 au 100? Huenda ni tofauti ya kurithi. Sitosini yenye methili ikipoteza amini inakuwa thimini moja kwa moja, ndiyo maana CpG zimebaki karibu moja ya tano tu ya zilizotarajiwa kwenye jenomu, na ndiyo maana tofauti za C na T ni nyingi mahali hapo. Mtu mwenye CG kwenye nakala moja na TG kwenye nyingine ataonekana ana nusu ya methili. Soma uzi wa pili: kama ni bisulfaiti tu, upande wa pili bado una G, kama ni tofauti ya kurithi, utaona A. Au soma DNA isiyogeuzwa, utamaliza ubishi kwa siku moja.

Dalili: kloni zote zinafanana

Piga hesabu ya molekuli. Seti moja ya jenomu ya binadamu ina uzito wa takriban pikogramu 3.3, hivyo nanogramu 1 ni nakala kama 300. Tisa kati ya kumi zimekatika, zimebaki 30. Ukisoma kloni 20 (nakala za molekuli moja moja zilizokuzwa peke yake) kutoka humo, karibu nusu zitakuwa na ndugu wa molekuli ileile. Njia ya kuwatambua: linganisha C za nje ya CpG ambazo hazikugeuka. Kloni mbili zenye kosa lilelile mahali palepale zihesabu kama moja. Ongeza DNA, na changanya PCR tatu au nne tofauti kabla ya kutengeneza kloni.

Dalili: usomaji unavurugika baada ya mlolongo wa T

T tisa au zaidi mfululizo huifanya polimerasi iteleze, na baada ya hapo vilele vinapandana. Soma kutoka upande wa pili, au hamisha praima iruke mlolongo huo.

Dalili za kwenye kompyuta, kwa jenomu nzima

Methili inaporomoka kwenye besi chache za mwanzo za usomaji wa pili. Hiyo si biolojia: wakati wa kurekebisha ncha za vipande, kimeng'enya kilijaza kwa sitosini za kawaida zisizo na methili. Chora grafu ya methili kwa kila nafasi ya usomaji, kisha kata mpaka mstari unyooke, mara nyingi besi 10 hivi. Kwa maktaba (mikusanyiko ya vipande vya DNA vilivyoandaliwa kusomwa) zilizokatwa na MspI, kata besi mbili zilizojazwa kwenye ncha ya 3'.

Vipande vichache vinapata mahali kwenye jenomu: ondoa adapta (vipande vya DNA vilivyobandikwa kwenye ncha) kwanza, kisha hakikisha umeiambia programu kama maktaba ina mwelekeo au haina. Kosea hapo na sehemu kubwa ya data inatupwa kimyakimya.

Ubora mbaya tangu mzunguko wa kwanza: herufi hazina mchanganyiko wa kutosha. Ongeza maktaba ya PhiX, DNA ya virusi yenye mchanganyiko mzuri wa herufi zote nne.

Na usitafsiri CpG iliyosomwa mara 10 tu. Kwa methili ya asilimia 50, kosa la sampuli peke yake ni takriban pointi 16. Kwa mara 30 linashuka hadi 9.

> Simama hapa. Kama tofauti kati ya makundi inafuata tarehe ya kugeuzwa au sahani ya sampuli, usiendelee kujaribu programu moja baada ya nyingine mpaka moja ikupe jibu unalolipenda. Mpe mtakwimu data ghafi na orodha ya siku za maabara.

Dalili: tofauti ilikuwepo, umerudia, imetoweka

Mara nyingi hukupima mabadiliko ya methili. Ulipima mchanganyiko wa seli. Damu ina granulositi, limfositi na monositi, kila aina na ramani yake ya methili. Mtu mwenye maambukizi huongeza granulositi na wastani wote unasogea bila CpG hata moja kubadilika ndani ya seli yoyote. Tofauti ya pointi 3 hadi 5 kwenye damu nzima ichukulie hivyo mpaka uwe umehesabu aina za seli, au umezitenganisha, au umekadiria uwiano wake kutoka kwenye data yenyewe. Kwa uvimbe wa saratani, mwombe mwanapatholojia akadirie sehemu ya seli za saratani kwenye kipande kilekile ulichotoa DNA. Asilimia 30 ya methili kwenye uvimbe wenye theluthi moja tu ya seli za saratani ina maana tofauti kabisa na asilimia 30 kwenye uvimbe uliojaa.

> Simama hapa. SNRPN ikisoma karibu 100 inaelekeza kwenye ugonjwa wa Prader-Willi, karibu 0 kwenye Angelman. Methili ya jeni MGMT kwenye glioblastoma (saratani ya ubongo) huingia kwenye uamuzi wa dawa. Matokeo ya benchi la utafiti hayampi mgonjwa jibu la namna hiyo. Yapeleke maabara ya uchunguzi iliyothibitishwa yarudiwe kwa sampuli mpya, na mazungumzo na familia ayafanye daktari wa jenetiki. Na kama ulichobaki nacho ni tone la mwisho la sampuli ya mgonjwa, usiligeuze mpaka safari nzima ya violezo vya kulinganishia imetoka safi. DNA iliyopita kwenye bisulfaiti hairudi ilivyokuwa.